Wacheni Kumwambia Mtu "Wewe Bado Mdogo, Haiwezi Kuwa Kansa"

Kuna sentensi moja naomba tuizike mwaka huu: "Wewe bado mdogo, hiyo haiwezi kuwa kansa." Nimeisikia kwa watu wazima, kwa marafiki, hadi kwa mhudumu wa kliniki. Kabla mniulize mimi ni nani: si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea udaktari. Lakini kwetu tumeuguza watu wawili wenye saratani ya matiti, na madaktari wao nimewauliza maswali hadi wakanichoka.

Shosho alipatikana nayo akiwa na miaka 71. Alipasuliwa, akapewa tembe ya kumeza kila siku, na leo bado analima sukuma wiki yake. Binamu yangu alikuwa na miaka 28. Mara ya kwanza kwenda kliniki na uvimbe, alirudishwa nyumbani na dawa za maumivu, eti ni mdogo. Miezi minne baadaye uvimbe umekua, na ugonjwa umeshafika kwenye tezi za kwapa.

Hapo sasa maneno ya familia yakaanza. "Mbona shosho alipona na tembe tu? Kwa nini wewe kemo? Labda hauombi vya kutosha." Aki, hiyo iliniuma.

Ukweli ni kwamba saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Maabara ikikata kipande cha uvimbe, inatafuta vitu 3: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni, na protini inayoitwa HER2. Ya shosho inalishwa na homoni. Hiyo ndiyo aina ya kawaida zaidi, hasa kwa wenye umri mkubwa, na mara nyingi hukua polepole. Tembe yake inaifungia hiyo homoni. Ya HER2 iliogopwa sana, hadi ikapata dawa yake, trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ya binamu yangu ripoti ilisema hasi, hasi, hasi. Yaani tembe ya shosho haina pa kushika, ndiyo maana ya kemo. Si mambo ya imani. Aina hii huwapata zaidi wanawake wachanga na wenye asili ya Afrika, na iko mbio.

Hata kusambaa kwake ni tofauti. Ile ya homoni ikitoka kwenye titi, mara nyingi hukimbilia mifupa. Ile ya hasi tatu huelekea zaidi mapafu na ubongo. Saa zake pia si moja. Binamu yangu aliambiwa miaka 3 hadi 5 ya kwanza ndiyo ya kuangalia sana. Akiivuka, hatari inashuka kabisa. Ya shosho inaweza kunyamaza miaka 15 halafu irudi. Kwa hivyo shosho naye asiruke tembe ati kwa sababu anajiskia poa.

Sasa skizeni hii. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba hata hii aina kali, ikishikwa ikiwa bado ndani ya titi, zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika viungo vya mbali, ni chini ya 2 kati ya 10. Kwa ugonjwa unaokimbia hivyo, miezi minne ya kuambiwa "wewe bado mdogo" si kitu kidogo.

Sisemi muanze kuogopa. Uvimbe mwingi kwa wasichana wa rika letu si kansa kabisa. Lakini hilo lisemwe baada ya vipimo, si kwa kuangalia mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho.

Kwa hivyo, dada, ukishika uvimbe ambao haukuwepo, au chuchu ianze kutoa damu au kuingia ndani, nenda. Ukiambiwa ni umri, uliza, "Mmepima na nini?" Omba altrasaundi, na kama kuna shaka, wachukue kipande. Ikipatikana ni kansa, uliza swali la pili: "Ni aina gani?" Matibabu yote yanaanzia hapo.

Na nyinyi maboyz, msikae hapo kama haiwahusu. Akikuambia ameshika kitu, usimwambie atulie. Mpeleke.