Milima Yao, Mlima Wetu
Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Siku hizi naandikia watu makala, nalipwa kwa neno. Mwezi jana mteja alitaka maneno 300 kuhusu Uttarakhand, jimbo la milimani huko India. Nikajiambia hiyo ni kazi ya saa moja. Wapi! Nilikesha.

Watu hao wa Himalaya walikuwa chini ya Uttar Pradesh, wakitawaliwa kutoka Lucknow, mbali kule tambarare. Wanaume walishuka kusaka kazi. Wanawake wakabaki na mashamba, kuni na maji. Mwaka 1994, serikali ilipotenga asilimia 27 ya nafasi za masomo kwa matabaka ambayo milimani yana watu wachache, wanafunzi waliingia barabarani. Akina mama nao wakatoka. Usiku wa kuamkia Oktoba 2, siku aliyozaliwa Gandhi, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wakielekea Delhi. Watu wakafa. Jimbo likaja Novemba 9, 2000.

Lakini makao makuu yakawekwa Dehradun, bondeni. Na vijana wakaendelea kushuka.

Hapo nikaacha kuchapa. Sisi kaunti tulipata 2013, na mathe bado yuko kwetu mlimani, peke yake. Mimi niko Nairobi, nawaandika akina mama wa watu.

Mteja alipolipa, nusu nilimtumia mathe. Akapiga simu.

"Asante, mwanangu. Lakini hii pesa haitanichotea maji. Unakuja lini?"