Umehama mtandao, deni umemwachia nani?



Ndugu zangu katika imani, wiki mbili hizi watu kadhaa wameniuliza: "Sheikh, mbona namba yako ni ile ile, lakini nikikutumia pesa inasoma mtandao mwingine?" Ni kweli. Nimehama mtandao. Namba ni ile ile mliyonayo siku zote, jina ni lile lile, mwenyewe ni yule yule. Kilichobadilika ni kampuni tu, na sababu yake ni bei.

Sikusudii kumtangazia mtu biashara, kwa hiyo sitautaja mtandao niliotoka wala niliokwenda. Lakini katika kuhama huku nimeona mambo yanayogusa dini yetu, na nimeona niwaandikie, kwa sababu wengi wenu mnahama kila siku na hamjiulizi.

Tuanze na hiyo bei. Mimi ni imamu wa msikiti wa mtaani. Riziki yangu mnaijua: posho ya msikiti, ada kidogo za madrasa, na kishamba. Mwezi mmoja nilichukua daftari nikaandika kila vocha na kila bando ninalonunua. Mwisho wa mwezi nikajumlisha, ikafika shilingi 34,000. Nikauliza bei za mitandao mingine, nikapiga hesabu ya matumizi yale yale, ikaja kama 19,000. Tofauti ni 15,000 kila mwezi. Kwa mwenye nacho hizo si kitu. Kwa nyumba yangu ni mchele na mafuta ya siku kadhaa.

Sasa wapo wanaoona haya kufanya hesabu kama hizi, wanadhani ni ubahili. Hapana, ndugu yangu. Katika Suratul Israa Allah (s.w.) amewakemea wanaofuja mali, akawaita ndugu wa mashetani. Hakusema wenye mali nyingi tu. Hata mwenye shilingi 1,000 anaweza kuifuja. Kununua kwa bei ya juu kitu ambacho unaweza kukipata kile kile kwa bei ya chini, eti kwa sababu umezoea, hilo nalo litafakari.

Na kuhama ni halali yako. Ukinunua bando umenunua huduma. Likiisha, mauziano yamekwisha. Huna kiapo na kampuni yoyote. Tena hapa Tanzania tangu mwezi wa Machi 2017 unaruhusiwa kuhama na namba yako. Unakwenda kwa mtandao mpya na kitambulisho chako, wanachukua alama ya kidole, unatuma neno HAMA kwenda 15080, na unapewa laini mpya yenye namba yako ya zamani. Ndiyo maana siku hizi huwezi kuangalia 0754 au 0713 ukasema kwa yakini huyu ni wa mtandao fulani.

Lakini masharti yake yasikilize vizuri. Salio la vocha lililobaki haliendi nawe. Fedha zilizo kwenye akaunti ya simu unazitoa kwanza. Na deni, unalipa kwanza.

Hapo kwenye deni ndipo ninapotaka tukae.

Usiku mmoja baada ya Isha, kijana mmoja wa bodaboda alinisubiri mlangoni. Akaniambia, "Shikamoo sheikh. Nina swali dogo. Nina laini mbili nimeziacha, zote nilikopa salio. Moja nadaiwa kama 1,900, nyingine 4,500. Sasa nimenunua laini ya mtandao mwingine, bando lake rahisi. Zile za zamani nimezitupa. Je, lile nalo ni deni?"

Nikamuuliza, "Wewe unaonaje?"

Akasema, "Kampuni ni tajiri sheikh. Wala hawanitafuti. Mamilioni ya watu wanadaiwa."

Ndugu msomaji, maneno ya kijana huyu ndiyo maneno ya wengi. Hakuhama kwa ile njia ya kutuma HAMA, kwa sababu kule angeambiwa alipe kwanza. Alinunua laini mpya, ya zamani akaitupa. Kwa macho ya watu amebadilisha laini. Kwa hesabu ya Allah amekimbia deni. Na sikumwambia kwa kumfedhehesha, kwa sababu ni yeye aliyekuja kuuliza, na mwenye kuuliza ana heri kuliko anayejua na kunyamaza.

Deni ni deni, liwe la maskini au la tajiri. Sheria haikusema umlipe mwenye shida tu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni na namna ya kuliandika, na ndani yake tumeambiwa tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Aliyetuumba anajua kwamba deni dogo ndilo tunalolisahau haraka.

Wengi mmehudhuria maziko. Mnajua desturi yetu: kabla ya kuswalia jeneza, au pale makaburini, anasimama mtu wa familia au imamu anasema, "Ndugu zetu, marehemu ameishi na watu. Mwenye kumdai ajitokeze kwa familia." Nimeyasema maneno hayo mara nyingi sana. Nimewaona wakijitokeza muuza mkaa, fundi cherehani, mama wa vitumbua, mwenye duka la pembeni. Na wengine husema pale pale, "Nimemsamehe."

Lakini katika miaka yote hiyo sijawahi kuona kampuni ya simu ikisimama makaburini ikasema, "Na sisi tunamdai 4,500." Haitasimama. Na kwa kuwa haitasimama, haitasema pia, "Tumemsamehe." Hilo ndilo deni ninaloliogopa kuliko la muuza mkaa. La muuza mkaa lina mtu. Analijua, atalidai au atalisamehe, na watoto wako watalisikia. La kwenye simu unalijua wewe na kompyuta ya kampuni. Ukifa, mwanao anaichomoa laini, anaitia droo, kwisha.

Mnakumbuka kisa cha jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (s.a.w.). Aliuliza kama maiti ana deni. Alipoambiwa analo, na hakuacha cha kulilipa, hakumswalia. Akawaambia Maswahaba wamswalie mwenzao. Mpaka Abu Qatada (r.a.) aliposema deni lile ni juu yake, ndipo Mtume akaswali. Riwaya moja inasema lilikuwa dinari 2, nyingine inasema 3. Halikuwa deni la kujenga ghorofa. Na katika riwaya mojawapo, Mtume alimuuliza tena Abu Qatada baadaye kama amezilipa.

Dada mmoja amenipa ruhusa nisimulie lake, bila jina. Mumewe alifariki ghafla. Yeye akiwa ndani ya eda, simu ya marehemu ikawa inaingia ujumbe: unadaiwa, tafadhali lipa. Mumewe alikuwa akitumia ile huduma ya kuongezewa pesa pale salio la akaunti lisipotosha. Lilikuwa deni la shilingi 23,600. Mashemeji wakasema, "Itupe hiyo laini, wataacha wenyewe." Kwa kweli wangeacha.

Nilipokwenda kuwajulia hali nikiwa na mke wangu, akatuuliza, "Sheikh, na hili nalo ni deni la mume wangu?" Nikamwambia ndiyo. Suratun Nisaa imeweka utaratibu: kabla ya mirathi kugawanywa, deni lilipwe na wasia utekelezwe. Hata kama kinachogawanywa ni baiskeli na vitanda viwili, deni linatangulia.

Hakuwa na uwezo mkubwa. Alitoa 10,000 siku ile, nyingine akamalizia baada ya wiki tatu kutokana na mauzo ya kuku. Alikuwa akituma kutoka laini yake kwenda namba ya marehemu, na mtandao unakata wenyewe. Siku ya mwisho ukaingia ujumbe kwenye simu ya mumewe, kwamba deni limelipwa lote. Aliniambia aliusoma ujumbe ule mara tatu, akalia, kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu siku ya msiba.

Sasa najua wapo watakaosema, "Sheikh, mbona mikopo hiyo ina nyongeza? Si riba hiyo?" Suala hilo tunalizungumza darasani na lina upana wake. Kukopa pesa taslimu ukarudisha na nyongeza inayoongezeka kadiri siku zinavyokwenda, ushauri wangu ni mmoja: usiingie. Kukopa salio la kupigia, wapo wanaoliona kuwa ni kuuziwa huduma kwa bei ya baadaye, na wapo wanaolikataza. Muulize mwanachuoni unayemwamini. Lakini shika hili: hata mwenye kusema ni haramu kuingia, hasemi kwamba ukishaingia ule ulichokopa kimekuwa chako. Rasilimali ya mtu ni ya mtu. Huwezi kukimbia dhambi moja kwa kuingia nyingine.

Jambo la pili ni haki ya wazazi na ndugu. Mama yangu yupo kijijini, milimani upande wa Lushoto. Huko mnara wa mtandao huu unashika bonde hili, wa mwingine unashika kilima kile. Kabla sijahama, nilimwomba mpwa wangu aweke laini ya mtandao ule mpya kwenye simu ya mama kwa siku tatu, tuone kama inashika pale jikoni anapokaa. Ilishika. Isingeshika, na mimi kumpigia kutoka mtandao mwingine kungekuwa ghali kiasi cha kunipunguzia simu za kumjulia hali, wallahi nisingehama, hata kwa nusu ya bei. Bando la rahisi linalokufanya umpigie mama mara moja kwa mwezi badala ya kila siku ni ghali. Bei yake unailipa katika kuunga udugu.

Kwa hiyo kabla ya kuhama usiulize bei tu. Uliza: wenye haki juu yangu watanipata? Mzazi, mke, watoto walioko shule za bweni, jirani mgonjwa anayenitegemea usiku.

La tatu ni amana. Siku hizi namba yako ni kama mlango wa nyumba yako. Mimi ninatumiwa michango ya msikiti, ada za madrasa, sadaka za mayatima. Kama unabadilisha namba kabisa, watangazie watu mapema. Usiwaache waendelee kutuma kwenye laini iliyo droo. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika hurudishwa na kupewa mtu mwingine. Na wewe uliyenunua laini mpya ukaona imeingia pesa usiyoijua, usiseme "riziki imenishukia". Mtafute mwenyewe au uwaarifu kampuni wairudishe. Riziki haiji kwa kosa la kidole cha mwenzako.

Vilevile piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wapo watu wana laini tano na wanazikumbuka mbili. Hizo nyingine zipo kwa nani? Zinafanya nini kwa jina lako? Usiyoijua, nenda ukaifute.

Yule kijana wa bodaboda, siku ile alinyamaza akaondoka. Nikadhani nimemkera. Juma lililofuata akanifuata baada ya Alasiri, akasema, "Sheikh, ile ya 1,900 nimelipa. Nilikuwa nimeshaitupa, ikabidi niende dukani kwao kuirudisha laini. Ya pili nadunduliza." Nikamwombea dua pale pale. Gharama ya kuirudisha laini na nauli vilikaribia lile deni lenyewe, naye hakulalamika.

Ndugu yangu, dada yangu, unayesoma hapa huenda unasoma kwa bando ulilokopa. Sikusemi vibaya, hali ni ngumu na wote tunaijua. Hamia kwenye rahisi, punguza matumizi, na utakachookoa kianze kwa mzazi wako. Ila kabla hujalala leo, angalia unadaiwa kiasi gani, kwenye laini hii na zile ulizoziacha. Kiandike kwenye karatasi na umwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani kwako, ili siku tutakaposimama kwenye jeneza lako na kuuliza, awepo wa kulisemea deni ambalo mdai wake hatakuja.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu. Tusaidie kulipa madeni yetu tukiwa hai. Wasamehe waliotutangulia, na walipie kwa fadhila Zako wale waliokuwa na nia ya kulipa wakakosa uwezo. Aamin.

Mwenye kuona lina manufaa amfikishie mwenzake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.