Watoto wa Nyumba za Coyoacán

Mwaka 2023 Mexico iliwazika wazee wawili. Januari alifariki Guadalupe Rivera Marín, binti wa mchoraji Diego Rivera, akiwa na miaka 98. Juni akafuata Esteban Volkov, mjukuu wa mwanamapinduzi wa Urusi Leon Trotsky, mwenye miaka 97. Mimi nami nimekula chumvi nyingi, na vifo vya namna hii hunigusa kuliko vya mashuhuri wenyewe. Msanii huacha kazi zake. Mtoto aliyekula mezani kwake akiondoka, huondoka na yale ambayo hayakuchorwa popote.

Mama yake Guadalupe, Lupe Marín, alikuwa mke wa Diego kabla ya mchoraji Frida Kahlo. Ungetarajia uadui, lakini Lupe ndiye aliyemfundisha Frida kupika vyakula alivyovipenda Diego, na kumpelekea chakula cha mchana kazini, kwenye majukwaa ya mafundi, ndani ya kapu lililopambwa kwa maua. Jiko la Casa Azul, nyumba ya Frida na Diego huko Coyoacán, lipo hadi leo: la kuni, lenye vigae vya njano na buluu, na ukutani majina Frida na Diego yameandikwa kwa vyungu vidogo vya udongo vilivyopachikwa kimoja kimoja. Wageni hupanga foleni kulipiga picha. Guadalupe alijua mle kilipikwa nini, kwa sikukuu gani, na mwaka 1994, pamoja na Marie-Pierre Colle, akayaeleza hayo katika kitabu cha karamu za nyumba ile.

Frida hakujaliwa mtoto. Ajali ya basi ya mwaka 1925 ilimvunja mwili, na mimba zikaharibika. Watoto wa mdogo wake Cristina, Isolda na Antonio, wakawa kama wake. Lakini katikati ya miaka ya 1930 Diego alikuwa amemgeukia Cristina huyo huyo. Frida aliumia sana, akaondoka kwa muda, kisha akamsamehe dada yake. Wale watoto hawakutozwa deni la wazazi. Nikimfikiria Isolda, aliyeandika kumbukumbu za mama yake mkubwa uzeeni, naona aliipokea ile nyumba kama ilivyokuwa, pamoja na jeraha lake.

Kizazi cha wachoraji wa akina Diego kiliupenda umma kwa dhati. Kilichora kwenye kuta za majengo ya serikali ili hata mkulima asiyejua kusoma aione historia yake. Wakati huo huo, kilikuwa kikali kwa watu wa karibu. Diego ndiye aliyemwombea Trotsky hifadhi kwa Rais Lázaro Cárdenas. Mwaka 1937 mgeni akapokewa Casa Azul, na miaka miwili baadaye wakagombana, Trotsky akahamia mtaa wa Viena, jirani tu. Alfajiri ya tarehe 24 Mei 1940, David Alfaro Siqueiros, mchoraji mkubwa kama Diego, aliongoza watu wenye bunduki wakaimiminia risasi nyumba hiyo. Esteban, mvulana wa miaka 14, alijificha chini ya kitanda. Risasi ikampata kidole cha mguu. Agosti hiyo hiyo alirudi kutoka shule akakuta babu yake ameshapigwa pigo la kumuua.

Mtu mwingine angeihama nyumba ile asirudi. Esteban aliishi humo, akasomea kemia, akalea binti zake humo, na mwaka 1990 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Alama za risasi ukutani hakuzipiga lipu. Aliwaonyesha wageni mwenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Sisi wazee tuna tabia ya kuwasafisha waliotutangulia hadi hawatambuliki, na vijana nao huridhika na uso wa Frida kwenye fulana. Ningependa wajukuu wangu waanze na hao watoto: Guadalupe kwa habari za jikoni, Isolda kwa habari za msamaha, Esteban kwa ukuta wenye matundu. Kisha ndipo watazame michoro, wakijua waliowachorea wengine haki walivyoishi na watu wao wenyewe.