Kikombe cha Forosadi Kina Uzito Gani?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tazama neno walilolichagua: kibaba hujazwa, hakisemi uzito. Kipimo hicho, ambacho vinne vyake ni pishi moja, kiliwatosha mama zetu kwa kuwa walipima nafaka zile zile kwa chombo kile kile. Leo twanunua sukari kwa kilo dukani na forosadi kwa kopo sokoni, kisha twataka viwili hivyo vipatane katika sufuria moja.

Hapo ndipo taabu huanza. Kanuni ya jamu inayofuatwa na wengi ni uzito sawa wa tunda na sukari. Jirani yangu, mama hodari wa mapishi, aliichukua kanuni hiyo kuwa ni kikombe kwa kikombe. Lakini kikombe cha mililita 250 kikijazwa forosadi nzima huwa na gramu 145 hivi, maana kati ya tunda na tunda mna hewa. Kikombe hicho hicho cha sukari hukaribia gramu 210. Basi kwa vikombe saba vya forosadi, ambavyo ni kama kilo moja, alitia sukari karibu kilo moja na nusu. Jamu yake ilifanya chembechembe kama mchanga, na nusu kilo ya sukari ya watoto ikapotea bure. Vikombe vitano, pungufu kidogo, vingemtosha.

Kinyume chake pia ni hasara. Forosadi zikipondwa, hewa hutoka, na kikombe chake hukaribia uzito wa maji, yaani gramu 250. Anayepima hapo kikombe kwa kikombe huipunja sukari. Na sukari si utamu tu, bali ndiyo huizuia jamu isiote ukungu upesi.

Huenda ukasema, mizani nitaipata wapi? Nyumbani kwangu twatumia ufito ulionyooka, ulioning'inizwa kwa kamba katikati, na vikapu viwili vilivyo sawa katika ncha zake. Kikapu kimoja hutiwa pakiti ya sukari ya kilo moja. Cha pili hutiwa forosadi mpaka ufito ulale sawa. Kisha twazihesabu forosadi hizo kwa kikombe, twaandika idadi katika karatasi na kuibandika kwenye mlango wa kabati. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu kwa kila tunda. Usiichukue hesabu ya forosadi ukaitumia kwa zambarau, ambazo sharti zipimwe baada ya kutolewa kokwa.

Akina mama, na akina baba pia, tuwafundishe watoto wetu hesabu hii wakiwa jikoni. Ajuaye uzito wa kikombe chake hatapoteza sukari yake, wala hatababaishwa na kopo la sokoni.