Neno «Natation» na Asili Yake

Tulipokuwa wanafunzi huko Kalemie, penye ziwa Tanganyika, tuligawiwa karatasi ya michezo, kila mtu atie alama mbele ya ule anaouweza. Mchezo mmoja uliandikwa «natation». Sisi wana wa wavuvi, tulioogelea tangu utoto, tulidhani neno hilo lahusu «nation», yaani taifa, tukalipita. Mwenzetu mmoja, mtoto wa karani aliyetoka mbali na ziwa, alilijua neno, akatia alama. Siku ya mashindano sisi tulikaa ufukoni tukitazama. Yeye akaingia majini, wala hakufika mbali. Tuliruka tukamvuta, tumbo lake limejaa maji. Hatukumcheka.

Tulipoanza Kilatini ndipo tulipolifahamu neno lile. Latokana na «natatio», tendo la kuogelea, ambalo kitenzi chake ni «natare». Nacho «natare» kimezaliwa na kitenzi kifupi zaidi, «nare», chenye maana ile ile. Umbo refu lilionyesha tendo lirudiwalo, kama mikono ya mwogeleaji ipigavyo maji tena na tena. Waroma waliliita «natatio» hata birika lenyewe. Katika nyumba za kuogea za kaisari Caracalla, zilizofunguliwa Roma mwaka 216, lilikuwako moja lisilo na dari, urefu wake karibu mita 50. Nao wasomao Injili ya Yohane kwa Kilatini hukuta birika la Siloe laitwa «natatoria», ingawa yule kipofu alitumwa kunawa tu.

La ajabu ni kwamba «nager», neno la kila siku la Kifaransa, halikutoka huko. Lilitoka katika «navigare», kusafiri kwa chombo majini. Zamani Wafaransa walikuwa na «noer», mtoto halisi wa «natare», kisha wakaliacha. Kwa asili ya neno lao, basi, mwogeleaji ni kama mtumbwi! Kiswahili chetu kilishika njia nyingine: kuogelea ni mwana wa kuoga.

Wagiriki wa kale walimhesabu kuwa mjinga mtu asiyejua kusoma wala kuogelea. Siku ile ufukoni sisi tulikuwa na nusu moja, mwenzetu nusu ya pili. Likizo iliyofuata alikuja kwetu kila asubuhi. Tulimshika kidevu juu ya maji, naye jioni akatufundisha maneno ya Kifaransa. Alipoweza kuufikia mtumbwi wa baba bila kushikwa, sisi tulikwisha kujua kuandika «natation» bila kosa.