Mfereji Uliopita Sebuleni

Mnamo mwezi wa Novemba 1956, Bibi Clarissa Eden, mke wa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitamka jambo ambalo limekumbukwa kuliko hotuba nyingi za mumewe. Alisema kwamba kwa majuma machache yaliyopita alijiona kana kwamba Mfereji wa Suez unapita katikati ya sebule yake. Mama yeyote ambaye mumewe huamshwa usiku wa manane kwa ajili ya kazi atayaelewa maneno hayo bila ya kufasiriwa.

Wengi hudhani kuwa Waziri Mkuu, maadamu ana Bunge na jeshi, hutenda apendavyo. Sir Anthony Eden alikuwa navyo vyote viwili. Yeye mwenyewe alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza akapata nishani ya ushujaa; alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje mara tatu; na katika uchaguzi wa Mei 1955 chama chake cha Conservative kiliwapita wapinzani wote kwa viti vipatavyo 60. Walakini mwaka haujatimia, gazeti la Daily Telegraph, ambalo kwa desturi lilikuwa rafiki wa chama hicho, liliandika mnamo Januari 1956 kwamba serikali yake haina mkono thabiti. Eden aliumia sana. Uvumi ukaenea kwamba atajiuzulu, na ofisi yake ikaukanusha. Na kukanusha uvumi wa namna hiyo ni sawa na kuupigia tarumbeta.

Si haki kusema kwamba gazeti moja lilimpeleka vitani. Lakini mtu aliyekwisha kuitwa mlegevu mbele ya watu huona taabu kuwa mvumilivu. Tarehe 26 Julai 1956, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alipotaifisha Mfereji wa Suez, Eden aliapa moyoni kwamba safari hii hataonekana mnyonge. Mwezi wa Oktoba wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli walipatana kwa siri huko Sèvres, karibu na Paris. Israeli ikaishambulia Misri tarehe 29 Oktoba, na tarehe 5 Novemba askari wa miavuli wa Uingereza na Ufaransa wakatua Port Said.

Huko nyumbani magazeti yaligawanyika. Daily Express lilimshangilia. Manchester Guardian na Daily Mirror yalimpinga. Gazeti la Jumapili, Observer, liliishutumu serikali kwa ukali tarehe 4 Novemba, hata baadhi ya wenye biashara wakaondoa matangazo yao humo. Eden alikuwa amezungumza na taifa kwa televisheni na redio usiku wa kuamkia siku hiyo. Jioni yake kiongozi wa upinzani, Hugh Gaitskell, akapewa nafasi ya kumjibu katika BBC hiyo hiyo, jambo ambalo serikali haikulipenda hata kidogo. Mchana, umati mkubwa ulikusanyika katika uwanja wa Trafalgar, na kelele zake zikawafikia mawaziri waliokuwa wakikutana katika nyumba ya Waziri Mkuu. Naibu wake katika mambo ya nje, Anthony Nutting, alikuwa amekwisha amua kujiuzulu.

Hata hivyo, kelele hizo peke yake zisingemtikisa, kwani Waingereza wengi, wakiwamo wafanyakazi wa kawaida, bado walikuwa upande wake. Kilichomkaba koo ni fedha. Watu wa nchi za nje walikuwa wakiuza pauni, na akiba ya Hazina ikipungua. Serikali ya Rais Eisenhower wa Marekani, iliyofanyiwa jambo hili bila kuarifiwa, haikutaka kuisaidia Uingereza ipate mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa mpaka mapigano yakome. Waziri wa Fedha, Harold Macmillan, ambaye hapo kabla alikuwa mstari wa mbele kuhimiza vita, tarehe 6 Novemba aliwaeleza wenzake hali ya Hazina. Mawaziri walipogeuka, Eden alibaki peke yake.

Saa sita usiku wa siku hiyo mapigano yalisitishwa. Askari walikuwa wamefika El Cap, kilomita zipatazo 37 kusini ya Port Said, na njia mbele yao ilikuwa wazi. Hawakushindwa na adui. Mwanajeshi aliyepokea amri ile, akiwa amekwisha kuona wenzake wakifa, alikuwa na haki ya kuuliza ni nani hasa aliyeitoa.

Eden, aliyekuwa mgonjwa tangu upasuaji wa mwaka 1953 ulioharibika, alikwenda kupumzika Jamaica tarehe 23 Novemba, katika nyumba ya mwandishi wa riwaya Ian Fleming. Wakati Waingereza wakiandaliwa mgao wa petroli, Waziri Mkuu wao alikuwa pwani kwenye jua, na magazeti hayakuwaacha wasahau. Baada ya kurudi, tarehe 20 Desemba aliliambia Bunge kwamba hapakuwa na habari za mbele juu ya shambulio la Israeli. Haikuwa kweli.

Hakushindwa katika kura yoyote ya Bunge juu ya Suez. Viti vyake vilikuwa karibu vile vile vya Mei 1955. Tarehe 9 Januari 1957 alijiuzulu, akieleza kwamba madaktari wamemshauri hivyo, na kesho yake Macmillan akashika mahali pake. Kabla mwezi haujaisha, Sir Anthony na Bibi Clarissa walikuwa melini, wakielekea New Zealand.