Singida haitaki ngao ya brazameni

Singida Mjini ni njia panda, bwana. Ukitoka Dodoma, kama kilomita 240 hivi, unaingia kwenye mji wa mawe makubwa yaliyobebana, huku Ziwa Kindai, kule Singidani, na upepo ambao usiposhika kofia imekwenda. Hapo ukikata kulia unakwenda Babati na Arusha, ukinyoosha unaitafuta Nzega hadi Mwanza. Ndiyo maana mashangingi ya kila rika hupita hapa: Land Rover One Ten, Prado za zamani, Land Cruiser zenye mkonga. Na mengi yamevaa ngao mbele.

Sasa wewe kijana uliyejikamua ukavuta Prado kuukuu, usiingizwe mjini. Kuna ngao na kuna pambo. Lile bomba jembamba linalometameta, limeshikizwa kwenye bampa la plastiki kwa bolti mbili, hilo ni hereni tu. Mbuzi mmoja wa njia ya Manyoni akiligonga, linarudi nyuma na kutoboa rejeta, kitu kile kile ulichotaka kukilinda. Maji chini, injini inachemka, unalala porini ukihesabu nyota.

Ngao ya kazi hushikwa na shasi. Usione haya, lala chini ya gari uchungulie. Bolti ziwe nene, zipite kwenye matundu yaliyopo tayari, kama yale ya ndoano za kuvutia. Fundi akitaka kuichomelea moja kwa moja kwenye shasi, mzuie. Moto ule unadhoofisha chuma cha shasi, na siku ngao ikipinda utaitoaje?

Chuma au alumini? Alumini ni nyepesi, na springi za mbele za gari la miaka 25 zimeshachoka. Lakini ikipasuka inataka fundi na mashine yake maalumu. Chuma, gereji yoyote ya mkoani inakichomelea. Mie ningechukua chuma, springi nikabadilisha. Angalia pia isizibe taa wala upepo wa rejeta. Na kama gari lina mifuko ya hewa, tafuta ngao iliyotengenezewa gari hilo, maana ya kubuni inaweza kuvuruga namna mifuko inavyofumuka.

Haya madude yalishika sana Australia kwa ajili ya kangaruu. Kwetu yana kazi kule Itigi, ukishapita Manyoni njia ya Tabora. Kichaka chake kimesongamana, urefu mita 3 hadi 5, na ukichepuka kutoka barabarani matawi yanakwangua taa na sho bila huruma. Mwenye safari za huko simbishii.

Ila chuma hakichagui. Paji la ngao ya shangingi liko sawasawa na kifua cha mtoto anayevuka barabara kwenda shule. Ulaya walipitisha sheria mwaka 2005 kuzibana ngao hizi kwa sababu hiyo hiyo ya waenda kwa miguu. Kwa hiyo ikate kona kali, ikae karibu na uso wa gari. Na kama safari zako ni nyumbani, sokoni na kupunga upepo Kindai, achana nayo kabisa. Hela hiyo nunua taa zinazomulika vizuri, maana ng'ombe na punda wa jioni barabara ya Singida hawana taa za nyuma.